Kupita shambani kwa mtu Uingereza: njia ni yako, shamba si lako

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Sheffield. Sina gari. Wanangu wana miaka 7 na 10. Wenzangu kazini wanaenda vijijini siku za mapumziko, wanatembea kwa njia za mashambani, wanazunguka na kurudi pale pale walipoanzia. Jumapili moja nasi tukajaribu. Tukafika kwenye geti la shamba, pana kibao "Public Footpath", na chini yake kingine chenye onyo la fahali. Ndani ng'ombe wamejaa. Tukaogopa, tukarudi kituoni kungoja basi. Je, tukipita shambani kwa mtu hatutashtakiwa? Na visa yangu itakuwaje? Ukinionyesha mzunguko mmoja wa kuanzia nitashukuru.

Jibu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole kwa safari iliyokatika njiani. Nianze na kibao cha kwanza, maana wewe kilikurudisha, kumbe chenyewe kilikuwa kinakukaribisha. Kinasema hapa pana njia ya umma ya miguu. Hakisemi shamba ni la umma. Shamba lina mwenyewe na ng'ombe wana mwenyewe, ila ule ujia unaokatiza katikati yake, kisheria, ni barabara sawa na ile ya lami inayopita mbele ya nyumba yako Sheffield, isipokuwa huku hupita miguu tu.

Najua kwa nini mliogopa. Sisi tumekulia mahali ambapo njia ya mkato huishi kwa hisani. Unakatiza kiamboni kwa watu, unasalimia, "Hamjambo humu?", unaendelea na safari. Siku mwenyewe akiuza kiwanja, mnunuzi anasimamisha ukuta, anaandika kwa rangi nyekundu HAKUNA NJIA, na mtaa mzima unaanza kuzunguka kwa mbali huku ukinung'unika. Mtu aliyezoea hivyo akiona geti la shamba, moyo humwambia aombe ruhusa kwanza. Huku ukienda kumbishia mkulima mlango kumwomba ruhusa ya kupita kwenye njia ya umma, atabaki kukushangaa.

England na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia za namna hii, na hazikuchorwa na wizara ya utalii. Nyingi ni njia walizozikanyaga watu wa kale wakienda kanisani, kisimani, kinuni, machimboni au kijiji cha jirani. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zipite kila parokia, ziziorodheshe na kuzichora kwenye ramani rasmi. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, kuwemo kwake ni ushahidi tosha kwamba ipo. Haifi kwa kuota majani, wala haifi shamba likiuzwa, na anayelinunua analinunua pamoja nayo. Iko hata kanuni inayosema watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuzuiwa wala kuomba ruhusa, sheria inaweza kuhesabu kwamba mwenye ardhi ameitoa iwe njia ya umma. Fikiria kama kanuni hiyo ingekuwa na meno kule kwetu, kuta ngapi zingebomolewa!

Mkulima naye ana wajibu wake. Akilima shamba ambalo njia inapita katikati, anatakiwa airudishe ndani ya siku 14, iwe na upana usiopungua mita moja na ionekane kwa macho. Mahindi au ngano haviruhusiwi kuimeza. Ukiikuta imezibwa, unaruhusiwa kuondoa kizuizi kiasi cha kukupitisha tu, au kukizunguka kwa karibu, kisha unatoa taarifa kwa halmashauri ya jimbo, ambayo kwa vijiji nitakavyovitaja ni ya Derbyshire. Lakini usigombane na mtu shambani kwake, hasa ukiwa na watoto. Barua pepe yenye picha hufanya kazi kuliko mdomo.

Sasa visa, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa inakukosesha raha. Kutembea kwenye njia ya umma hakuna kosa lolote, kwa hiyo hakuna cha kushtakiwa. Na hata ukipotea, ukajikuta umetoka nje ya njia, kuingia tu kwenye ardhi ya mtu huku kwa kawaida ni jambo la madai kati yako na yeye. Si jinai. Yapo maeneo tofauti, kama reli na baadhi ya ardhi za jeshi, huko usithubutu. Kwingineko, mwenye shamba akikwambia umepotea, sema samahani, muulize njia ni ipi, urudi kwenye mstari. Ndiyo imekwisha. Vile vibao vya zamani vinavyotishia mashtaka kwa kila atakayekanyaga vina ukali wa rangi kuliko wa sheria.

Nimetaja mstari. Huo mstari ndio elimu yote ya mambo haya, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Nunua ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ya kipimo cha 1:25,000, zile zenye jalada la rangi ya chungwa zinazoitwa Explorer. Kwa upande wenu ni ile yenye namba OL1, ya Dark Peak. Ukinunua ya karatasi unapewa na namba ya siri ya kuipakua kwenye simu. Ndani yake utaona vistari vya kijani vilivyokatikakatika. Vistari vifupi vya kijani ni njia za umma za miguu. Vile virefu ni njia ambazo farasi na baiskeli pia huruhusiwa. Lakini kuna vistari vyeusi navyo, na hivyo ndivyo vinavyowaponza wageni. Cheusi kinakwambia kuna ujia unaoonekana ardhini, basi. Hakikuahidi haki ya kupita. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifuata cheusi kwa kuwa kilionekana kifupi, nikapanda nacho kilima nusu saa nzima, nikaishia kwenye ukuta wa mawe wenye seng'enge juu yake na mzee mmoja upande wa pili aliyenitazama bila kusema neno. Nilirudi kilima kizima nikiyahisi macho yake mgongoni. Tangu siku hiyo mzunguko wangu huuchora kwa kijani, na nyeusi naitumia pale tu inapokuwa ndani ya eneo lililopakwa manjano hafifu. Manjano hayo ni ardhi ya wazi, milima na nyika, ambayo sheria ya mwaka 2000 iliwafungulia watu watembee popote kwa miguu, si kwenye mstari peke yake.

Ukiwa njiani, mstari huo wa ramani unageuka kuwa mishale midogo iliyopigiliwa kwenye nguzo na mageti. Mshale wa manjano ni wa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli pia. Ukiona neno "permissive", basi hapo mwenye ardhi ameruhusu kwa hiari yake na anaweza kufunga kesho. Hiyo ndiyo njia ya hisani uliyoizoea.

Wasomaji wa Scotland mtanisamehe. Kwenu sheria ya 2003 iliwapa uhuru mpana zaidi, hesabu yake ni nyingine.

Mzunguko ninaokupendekezea ni wa kijiji cha Castleton. Kuna basi kutoka Sheffield linalofika hadi hapo kijijini, na vyoo viko kwenye kituo cha wageni, jambo ambalo mama wa watoto wawili hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Urefu ni kama kilomita 8 au 9 na kupanda kwake kunazidi mita 300. Mtu mzima peke yake atatumia saa tatu. Wewe na watoto wekeni tano, maana mtoto hatembei, mtoto huchunguza. Kigari cha mtoto hakipiti huku.

Toka kijijini kuelekea kaskazini kwa barabara ya Hollowford. Mwanzo ni lami, baadaye inakuwa ya kokoto, halafu inaanza kupanda kati ya malisho ya kondoo. Lengo lenu ni Hollins Cross, kitako kilichobonyea katika ule mgongo mrefu wa mlima ulio mbele yenu. Hicho ndicho kipande kigumu cha siku nzima, na ndiyo sababu nataka mkianze asubuhi miguu ikiwa mipya. Watu wa bonde la Edale, upande wa pili, walikuwa wakibeba maiti zao kupita hapo kwenda kuzika Castleton, kabla hawajajengewa kanisa la kwao. Waambie watoto habari hiyo wakianza kulalamika kuhusu mabegi yao.

Mkifika juu upepo utawapokea. Bonde la Castleton mliloliacha liko nyuma, Edale iko mbele chini, na ng'ambo ya Edale kuna mlima mpana wenye kichwa cha bapa unaoitwa Kinder Scout, wenye mita 636. Utazame vizuri mlima huo. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana kwa mamia, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, waliupanda kwa makusudi kutoka upande wa Hayfield, kwa sababu wakati huo ulikuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Walinzi wa mlima waliwangoja na fimbo, na baadaye vijana watano wakafungwa jela kwa makosa ya vurugu. Miaka 19 baadaye, mwaka 1951, eneo hilo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, Peak District. Kwa hiyo, dada, ukidhani hofu ya kibao ni ya wahamiaji peke yetu, jua kwamba wenyeji wa Manchester na Sheffield walikuwa nayo, na waliishinda.

Kutoka Hollins Cross shikeni kushoto, mfuate mgongo kuelekea Mam Tor, kilele cha mita 517. Njia imetandikwa mawe bapa, hamwezi kupotea hata ukungu ukishuka, mradi msitoke juu yake. Karibu na kilele mtaona ardhi imeinuka kama tuta la shamba lililozunguka mlima. Hilo ni boma la watu wa kale, maelfu ya miaka nyuma, waliokaa humo juu na kuchimba handaki kujikinga. Upande mmoja wa boma haupo. Umeporomoka pamoja na mlima.

Ikiwa adhuhuri itawakuta hapo juu, tafuteni upande uliokingika na upepo. Kibla kutoka hapa ni mashariki ikielemea kusini, kwa hiyo ukielekea kule Castleton iliko, umekaribia sana. Dira ya simu itakukamilishia kilichobaki. Nimewahi kuswali pale wapita njia wakipunguza sauti zao bila kuombwa. Na hapo ndipo pa kufungua chupa ya chai na zile chapati. Kwenye njia ya umma mnaruhusiwa kukaa kupumzika kidogo na kula. Msichoruhusiwa ni kulitandaza shamba zima mkeka.

Kushuka kuna ngazi za mawe hadi karibu na barabara kuu, kisha mnashika kushoto kuvuka malisho kuelekea Blue John Cavern, pango linalochimbwa jiwe la urembo lenye mistari ya zambarau na manjano. Kiingilio chake si cha bure, mimi hupita nje tu. Kinachonivutia kiko mbele yake, nacho ni barabara iliyokufa. Hapa ilipita barabara kuu ya magari kati ya Sheffield na Chapel-en-le-Frith, chini kabisa ya ule uso wa mlima ulioporomoka. Mam Tor ni tabaka za mawe ya mchanga na mawe laini ya udongo, mvua ikiingia kati yake tabaka huteleza. Waliikarabati barabara hiyo miaka na miaka, mlima ukaibomoa miaka na miaka, hadi 1979 wakakata tamaa wakaifunga. Leo mnatembea juu ya lami iliyopasuka na kukunjamana, mstari mweupe wa katikati ukiwa umekatika na kushuka futi kadhaa. Wanangu waliipenda kuliko kilele. Washike mikono tu kwenye kingo.

Barabara hiyo inawashusha hadi Odin Mine, mgodi wa kale wa madini ya risasi, na kutoka hapo kijiji kiko karibu. Mmezunguka.

Njia nyingine maarufu ya kushukia ni bonde jembamba la Cave Dale linaloingia kijijini nyuma ya ngome ya Peveril. Ni zuri mno, lakini mawe yake ya chokaa yakilowa huteleza kama sabuni. Si la mara ya kwanza, na si la mwezi wa Novemba.

Turudi kwa fahali wako. Sheria inakataza kuweka shambani penye njia ya umma fahali yeyote wa mbegu za maziwa zinazotambulika aliyezidi miezi 10, na hao ndio wakali. Wa mbegu za nyama anaruhusiwa, ila awe pamoja na majike, maana akiwa nao shughuli yake iko kwao. Na kibao cha fahali kinapowekwa mahali ambapo hakuna fahali, ili kutisha watu tu, ni kosa tangu ile sheria ya 1949. Kwa hiyo onyo lile ama lilikuwa kweli na fahali mwenyewe yuko na wake zake, ama halikuwa halali. Siwezi kujua lipi nikiwa nimekaa hapa.

Kwa maoni yangu anayestahili kuogopwa zaidi ni ng'ombe mwenye ndama. Sisi tumezoea ng'ombe wanaochungwa, wanaomjua binadamu na fimbo yake tangu wakiwa ndama. Hawa wa huku wengine huonana na mtu mara chache. Usipite kati ya mama na mwanawe. Watoto wasikimbie wala kupiga kelele, mtembee pamoja taratibu. Wakiziba njia, zungukeni kwa mbali kisha mrudi kwenye mstari, hakuna atakayewalaumu kwa hilo. Kama kuna siku mtachukua mbwa wa rafiki, awe kwenye kamba, lakini ng'ombe wakiwajia kwa kasi mwachilieni. Wanamtaka yeye, naye anajua kukimbia.

Mageti ni rahisi: ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Utakutana na lile la kujibana, linalopitisha mtu mmoja mmoja na kumkwamisha kondoo, na vile vipandio vya mbao au mawe vya kurukia ukuta. Buibui lisilo refu sana au suruali pana chini yake litakusaidia hapo. Viatu viwe vya kushika matope. Koti la mvua ni la kila mwezi, hata Julai. Kwenye kangaga ndefu za kiangazi kuna kupe wadogo wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni wakague watoto nyuma ya magoti na makwapani kama bibi alivyokuwa akikagua mbuzi.

Na salimianeni. Waingereza wasiokusalimu kwenye lifti watakusalimu mlimani, sijui kwa nini.

Mkipata ajali piga 999, omba polisi, kisha waambie mnataka Mountain Rescue, yaani waokoaji wa milimani. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, hivyo leo kabla hujasahau tuma neno "register" kwenda 999 ili uweze kuomba msaada hata kwa ujumbe mfupi, ambao hupenya mahali ambapo sauti haipenyi.

Jambo la mwisho ni saa. Katikati ya Juni jua linazama baada ya saa tatu na nusu usiku, mna siku ndefu isiyokwisha. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo msianze baada ya saa nne asubuhi, na tochi iwe begini. Angalia basi la mwisho la Jumapili kabla hamjatoka nyumbani. Likiwaacha na bado kuna mwanga, kuna ujia wa tambarare unaofuata kijito cha Peakshole Water kutoka Castleton hadi kijiji cha Hope, kupitia malisho. Njiani unakatisha reli ya kiwanda cha saruji, mahali pa kusimama, kutazama pande zote mbili na kusikiliza kabla ya kuvuka. Kituo cha treni kiko mbele kidogo ya kijiji, na kutoka hapo mna treni ya kuwarudisha Sheffield. Kwa mwendo wa watoto waliochoka, hesabu saa moja na nusu. Na kama mguu wa mmoja wao una wasiwasi, anzeni na hicho kipande cha kijito peke yake, mlima mje nao mara ya pili.